Niliitika Bila Kumwona Mtu

Jumatatu, 16 Juni 2025
Mwezi wa tatu huku Rufiji, kwao Twalibu, mume wangu. Watu kumi na wanne, sufuria moja! Na bado mpweke. Tangu Twalibu arudi kazini Dar sijasikia jina langu. Mama mkwe, Bi Mwanasiti, ananiita bi harusi — tumbo la miezi minane hili, bi harusi! Nasma ananiita wifi. Atupele, jina langu, kaachwa kwetu Tukuyu. Ijumaa Twalibu ananifuata nikajifungulie Dar. Haifiki!

Mama mkwe kanikosoa tena: mwanamke akiitwa hasemi “ee”. Anasema “abee”.

Jumatano, 18 Juni
Alasiri, tunavuna mpunga. Sauti ya mwanamke upande wa mto: “Atupele!” Jamani, raha niliyoisikia! Nikaitika kwa nguvu, “Abeee!”

Visu vyote vikasimama. Nasma akauliza nani kaniita. Hakuna aliyesikia kitu. Mama mkwe akaja akanishika tumbo. Eti huku huitiki mpaka umwone anayekuita. Sasa si angenifundisha yote kwa pamoja?

Alhamisi, 19 Juni
Sauti imeita tena mara mbili. Asubuhi jikoni, adhuhuri bafuni. Nimenyamaza. Mama mkwe kasema siku saba nisiitike, aite yeyote. Nikiitika tena, mtoto ataondoka na aliyeita. Sikulelewa na mambo haya mimi! Lakini naogopa, tena sana.

Ijumaa, 20 Juni
Wanaume wako msikitini, wengine shambani. Tuko ndani watatu — mimi, mama mkwe, Nasma. Nje anaita Twalibu! Sauti yake kabisa: “Atupele, toka, gari linasubiri.”

Nikanyanyuka. Mama mkwe akanivuta gauni. Tangu lini mwanawe akasimama nje ya nyumba aliyozaliwa? Kweli, mlango umerudishiwa tu, hauna komeo. Mbona haingii? Nimempigia, hapatikani. Na kama ni yeye? Akiondoka je, akaniacha huku? Nasma kachungulia dirishani, karudi kukaa. Kajifunika khanga kichwani.

Naandika ili neno lisinitoke mdomoni.

Sasa sauti haiiti Atupele. Inaita Tusekile, polepole, kwa kubembeleza. Ni jina la mtoto. Tulilichagua kwenye simu mimi na Twalibu, hatujamwambia mtu.

Mtoto kageuka tumboni, mara moja, kwa nguvu, kama anayeitika. Mama mkwe anauliza mbona nimejishika tumbo —