Kikapu cha Shekha

Shoga, wamkumbuka Shekha aliyeng'oa asumini ya Kaltuma?

Ile bustani yetu ya kujitolea Mambrui, msimu wa kaskazi mwaka 84, jua la kuchoma nyayo. Kila mama na zamu yake ya kuteka maji kisimani. Kaltuma akimaliza kumwagilia bamia za watu wote, ndoo yake ya mwisho humpa mche wake mmoja wa asumini, apate kumtungia bintiye Zein vikuba, vile vishada vya maua ya harusi.

Wiki ya harusi Shekha akaung'oa. Una tumba, akaung'oa! "Hapa pa mboga, si pa manukato." Zein akatolewa bibi harusi bila hata ua moja.

Basi leo, nami nipo nanywa chai, Shekha kaja kwa Kaltuma. Mjukuu wake aolewa kesho, asumini kaikosa mji mzima, na uani kwa Kaltuma imechanua tele. Kaja na kikapu, mwenzangu! Kikapu!

"Nichumie, dadangu. Yale ni ya zamani."

"Ya zamani kwako."

Shekha akakibwaga kikapu chini.

"Basi wataka nini? Nikupigie magoti?"

"Magoti yako mabovu, yaache. Zein yuko jikoni, akaanga mahamri. Miaka yote hii nimengoja neno moja tu. Nenda ukamwambie kwa kinywa chako: niliung'oa kwa husuda. Kisha uje uchume mpaka kikapu kifurike."