Kwaya Iliyonyamaza kwa Adhana

Dada Neema,

Hamjambo huko Morogoro? Mombasa jasho halikauki hata kivulini. Leo nimepita shule moja ya sekondari ya serikali, Tononoka, kabati lao limejaa vikombe vya muziki. Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti adhana ikalia. Mwalimu akashusha mkono, wote kimya. Ilipokwisha wakaendelea na neno lilelile, sauti ileile, bila mwalimu kuwapa sauti! Nikamwuliza msichana mmoja wanawezaje.

“Twaishika kifuani, shangazi. Kwani kunyamaza ndiko kusahau?”

Nikaukumbuka wimbo tulioukatiza kaburini kwa mama, tukalia, hatukuimba tena. Sauti yako bado unayo? Mimi yangu ninayo. Nikirudi tuanzie palepale.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema