Manati Yangu na Baridi ya Guangzhou

Xiaobei, Guangzhou

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Vaa miwani kwanza, na usimpe mtu mwingine akusomee, maana barua hii ni yako peke yako. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Goti lako vipi? Na mtama umekubali mwaka huu? Kwelea kwelea wameshafika, au bado wanatusikilizia?

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi za simu. Lakini Baba, wewe na simu hamuelewani. Nikipiga unaniuliza, "Hujambo? Kazi inaendaje? Haya, mama yako huyu hapa." Sijamaliza hata kuitikia, sauti yako imeshaondoka. Mama namshukuru, ananipa habari za Kondoa nzima, hadi mbuzi wa nani kazaa. Ila nina hamu ya kuongea na wewe, na sikujua nianzie wapi mpaka nilipopata jambo la kukuuliza.

Kazi yangu ni ile ile. Asubuhi naenda soko la Zhanxi kutafuta viatu na nguo za wateja, jioni tunafungasha mizigo ya kargo. Laoban, yaani bosi mwenye duka, anataja bei yake, mimi nataja yangu, anasema "bu xing", haiwezekani, naondoka, ananiita. Nikirudi chumbani nagundua kwamba kutwa nzima sijasema neno ambalo halina bei ndani yake. Kuna siku natamani tu mtu aniulize jambo lisilouzwa. Nina upweke, Baba. Kwenye simu ya Mama huwa nasema niko salama, na ni kweli, lakini nina upweke.

Sasa sikiliza. Karibu na ninapokaa kuna bustani, na Jumapili wazee wastaafu hukusanyika pale na manati. Usicheke. Manati kabisa, yenye panda na kigozi, ila wao hawaui ndege. Wananing'iniza kibati mfano wa kizibo cha soda ndani ya sanduku lenye pazia nyuma, wanasimama mbali, wanalenga. Siku ya kwanza nilisimama kutazama tu. Mmoja wao, Mzee Lin, aliyekuwa seremala, akanipa yake nijaribu, nadhani kwa kunitania. Nikavuta mpaka shavuni, vile ulivyonifundisha tulipokuwa tunaamia ndege shambani, nikaachia. Kibati kikaruka. Wazee wakapiga makofi, nami machozi yakanitoka palepale mbele za watu, wala sikuona haya.

Baadaye Mzee Lin akanipima kiganja, akanichongea panda yangu mwenyewe. Hatuna lugha moja. Yeye anasema yake, mimi nasema yangu, na mikono inamalizia. Nikaanza kutafuta gololi nzuri za udongo. Za dukani uzito wake ni vurugu tupu, kwa hiyo nikafinyanga mwenyewe, nikazianika kivulini kama zako, nikazipima kwa mizani ndogo ya sonara na kutenga zilizo sawa. Kesho yake nazipima tena, zimepishana! Nikasema mizani hii imelogwa. Kumbe nilikuwa naanika kwa kanuni za Kondoa katika mji ambao hewa yenyewe imelowa, na udongo ulikuwa unakunywa unyevu kila siku. Aliyeniokoa ni Mwanaidi, dada wa Tanga ninayefungasha naye mizigo. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Watu wamekuja Uchina kununua viatu, weye umekuja kuamia ndege! Haya, zitie kwenye kopo la mchele mkavu, kama tufanyavyo chumvi."

Nikazitia, zikatulia.

Halafu nikajifunza kubadilisha kitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha mpira na gololi kwa pamoja, hujui wa kumshukuru ni nani. Zikitawanyika juu na chini, kosa ni la uzito au la mpira. Zikienda kulia na kushoto, kosa ni la mkono wangu. Nikaupunguza mpira kwa mkasi, kidogo kidogo, upande wa kigozi ukawa mwembamba kuliko upande wa panda, mpaka gololi zote zikawa zinapiga mahali unapoweza kupafunika kwa kidole gumba. Laiti ungeona. Niligeuka nimwonyeshe mtu, na mtu niliyemtaka hakuwepo.

Sasa baridi imeingia. Gololi ni zile zile, panda ni ile ile, lakini kila pigo linaangukia chini ya kibati. Mpira umekuwa mvivu. Nikakumbuka asubuhi za mwezi wa sita shambani kwetu, vidole vimekufa ganzi, na wewe hukosi ndege. Ulikuwa unanigeuzia mgongo, unaifanyia manati yako kitu fulani, kisha unapiga. Nilikuwa mdogo, sikuona. Ulikuwa unafanya nini, Baba?

Mwanaidi ndiye anayeibeba barua hii. Ana ndege ya kesho kutoka uwanja wa Baiyun, na amekula kiapo kwamba hataifungua. Nisalimie Mama, mwambie viatu vyake vya harusi ya binamu vimo kwenye mzigo. Nisalimie Kaka Jumanne na duka lake, na Shangazi msuka mikeka, na yule jirani yetu mwenye punda mkaidi. Punda naye msalimie.

Baba, nisikufiche. Jibu ninalo. Mzee Lin anaubana mpira kwapani upate joto kabla hajapiga, na mimi amenikatia mwingine, mpana kidogo, wa majira ya baridi. Tangu Jumapili iliyopita kibati nakipiga kama zamani. Sikuulizi kwa sababu sijui. Nataka unieleze wewe, taratibu, tangu mwanzo mpaka mwisho, na Mama akiitaka simu umwambie asubiri.

Mwanao,
Hadija