Bomba Lile Lilitakiwa Kusogea

Baba mkwe,

Jumamosi tumekuzika, Jumapili watu wamemaliza chai ya msiba wakarudi makwao, na leo nimekaa hapa Walukuba, Jinja, na kalamu mkononi, nimekasirika. Najua marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitakusema. Ulipokuwa hai nilikuita mzee, nikakuinamia, nikameza kila kitu. Sasa tumbo limejaa.

Nianze na lile tulilolijua wawili tu, na ninaliandika wazi ili kila mtu alisome: wewe hukukichomelea kile kiatu cha bomba. Nilikichomelea mimi. Umeingia kaburini na kosa langu, na mwanao Mafabi alisimama mbali, mikono mfukoni, akakataa kukutupia hata konzi moja ya udongo, kwa sababu anaamini ni wewe uliyemuunguza mgongo kwa mvuke. Uliniibia kosa langu, mzee. Nani alikutuma?

Unakumbuka siku uliponiingiza kiwandani? Nilikuwa nimemwoa binti yako Nandutu miezi michache tu, nimerudi kutoka Kisumu na ufundi wangu wa kuchomelea, nikijiona kijana wa maana. Kiwanda cha sabuni kilikuwa kimeanza kufufuka. Wahindi wenye mali walikuwa wamerudi Jinja kudai vyao. Wote pale walikuita Afande, kwa kuwa uliwahi kuwa fundi wa mabomba jeshini, na Kiswahili chako kilikuwa kile cha kambi, kifupi, cha kuamrisha. Ulinitembeza chini ya bomba la mvuke, kutoka nyumba ya boila, kupita juu ya uwanja wa malori, mpaka jumba la kupikia sabuni. Ulinyoosha kidole kila mahali, lakini hukueleza kitu.

Tukafika kwenye kiatu cha mwisho, kile kipande cha chuma kilichoshikana na tumbo la bomba ili lipate kukaa juu ya boriti. Nikaona hakikufungwa kwenye boriti, kimekalia tu. Kila asubuhi mvuke ukifunguliwa kilikwaruza chuma kwa kelele ya kutia meno ganzi, kikasogea upana wa vidole vitatu, na bomba likipoa kikarudi. Nikakuuliza, "Mzee, hiki mbona hakijafungwa?"

"Hapana gusa ile."

"Kwa nini?"

"Mimi nasema hapana gusa." Ukaenda zako kunywa chai.

Watu husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi niliuliza, na sikuuliza mara moja. Mara ya pili ulijifanya hukusikia. Mara ya tatu ilikuwa nyumbani kwako, tumezunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake, na mama mkwe ametupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, yaliyotoka kwenu Mbale. Siku hiyo ulikuwa na furaha, umempakata mjukuu wako wa kwanza, mtoto wangu, unamwimbia kwa Kigisu. Nikasema moyoni, leo atanifungulia. Nikakuuliza tena, ukasema, "Wakati wa askari, wenzangu walipigwa. Mimi walinirudisha nyumbani na gari. Kwa nini? Boila ilikuwa hapa." Ukajigonga kichwa. "Mtu anajua peke yake, hapigwi."

Nilikuelewa, na hata leo nakuelewa. Lakini askari wale walikuwa wameondoka zamani, mzee. Mimi nilikuwa na bunduki gani? Nilikuwa na mjukuu wako na fimbo za kuchomelea, basi.

Kisha ukaenda Mbale kwenye imbalu, wajukuu wa kaka yako wanatahiriwa, na huko ukakaa karibu wiki mbili kama ilivyo haki ya mzee. Uliniachia bomba. Hukuniachia neno lolote juu yake ila lile lile, hapana gusa. Wiki ya kwanza meneja alitaka kila kitu kipakwe rangi, kwa sababu mwenye kiwanda alikuwa anakuja kukagua. Nikapanda juu na brashi. Katikati ya bomba nikakuta kiatu kimechomelewa kwenye boriti pande zote mbili, kazi imara, kazi yako. Nikafika cha mwisho, kile chenye kelele, nikakikuta kimelegea na kimekwangua rangi mpya. Nikasema, aa, huyu mzee alisahau hapa, na kwa vile ni mkaidi anaona aibu kukiri. Nikaamua kukufichia aibu yako. Nilitaka ukirudi ukute pametengenezwa na tusilizungumze.

Ulikuwa mchomeleo mzuri, baba. Mpaka leo sijachomelea mzuri kama ule. Asubuhi iliyofuata mvuke ulifunguliwa na kelele ikawa imekwisha. Wafanyakazi walishangilia wakidhani ni rangi mpya iliyoinyamazisha; hakuna aliyeniona nikichomelea.

Siku ya tisa baada ya mchomeleo wangu ulishuka kwenye basi la Mbale ukaja moja kwa moja kiwandani, mfuko bado begani. Mvuke ulikuwa umefunguliwa muda si mrefu. Ulisimama getini, ukainua shingo, ukauliza, "Bomba halilii. Nani amegusa?" Nilikuwa natoka kukulaki, nacheka. Sikuwahi kukujibu. Flenji, kile kiungo cha mabomba kilichokuwa juu ya uwanja, kati ya kiatu chako na changu, ilitema gasketi yake inayoziba mvuke, na Mafabi, aliyefanya kazi nasi pale, alikuwa anapita chini na toroli.

Sauti ya shemeji yangu siku ile siielezi. Uliisikia.

Baadaye tulipopanda, bomba lilikuwa limebenuka upande, limekwama kati ya viatu viwili visivyotaka kusogea. Meneja akaja, akaona mchomeleo mpya unang'aa, akauliza nani amefanya hivi. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini wewe ulikuwa umeshasema, "Mimi, bwana. Kabla ya kwenda Mbale." Uongo mtupu, na aliuamini, kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu kugusa bomba la Afande isipokuwa Afande. Nami nikanyamaza. Kunyamaza kule ni kwangu, sikupi, naona unapenda kuchukua.

Walikufukuza siku hiyo hiyo. Jioni nilikukuta unafunga vyombo, nikapiga magoti. Hukunitukana. Laiti ungenitukana! Ulisema tu, "Funga mdomo. Wewe una watoto ya binti yangu. Mimi ni mzee." Ukahamia Namatala kule Mbale, wewe fundi wa boila, ukawa unaziba ndoo na masufuria ya watu.

Na hata siku ile hukuniambia kwa nini! Bomba limepasuka, mwanao yuko hospitali amelala kifudifudi, kazi umepoteza, hakuna tena cha kulinda, na bado ulibana. Mficha uchi hazai, mzee. Ulikuwa unaficha kwa ajili ya nani?

Aliyeniambia ni mhandisi mmoja Singasinga, aliyeletwa kutengeneza upya bomba lile. Alichukua chaki akachora sakafuni. Akaniuliza: urefu gani? Mvuke una joto gani? Basi chuma kitarefuka kiasi hiki. Na akaandika, na kilikuwa upana wa vidole vitatu. Akasema bomba likipata moto litarefuka, upende usipende, hakuna fundi aliyezaliwa wa kulizuia. Kazi yako ni kuamua litarefuka kuelekea wapi. Unalifunga mahali pamoja, katikati, na kuanzia pale unaliachia liteleze mpaka kwenye kona, na ile nguzo ya bomba inayoshuka kwenye pipa la kupikia iwe ndefu ya kutosha ipate kujikunja kidogo bila kuumia. Ukilifunga pande zote mbili, nguvu haiendi popote. Itatafuta palipo dhaifu, na hapo ni kwenye flenji. Likipata moto linasukuma, likipoa linavuta, siku baada ya siku, mpaka gasketi inachoka.

Mpaka hapo alikuwa hajamaliza kikombe chake cha chai, na mimi nilikuwa nimeelewa. Hicho ndicho kitu kilichouchuna mgongo wa Mafabi, kitu cha kueleza mtu akinywa chai. Yule mhandisi alikagua viatu vyote akauliza nani aliyelipanga bomba hili mwanzo, maana limepangwa kwa akili sana. Nikataja jina lako. Akasema angependa kukutana nawe. Nilikwenda nyuma ya boila nikalia kwa hasira, sijui kama nilikuwa nalia kwa ajili yako au nilitaka kukupiga.

Miaka miwili nimeishi hivyo. Mafabi alipona akahamia Mpumudde, hapa hapa Jinja, akafungua kiduka, akaapa hatakanyaga kwako. Alisema, "Mzee alitukataza sote kugusa, akagusa yeye." Nami nilikuwa nakwenda kununua chumvi kwake, ananiita shemeji, ananiongezea kidogo, na mimi napokea. Wewe huko unaumwa kifua. Nandutu akija kukuona anarudi akisema, baba anamuulizia Mafabi. Kila mara nilitaka kusema, na kila mara nilikumbuka uliniamuru. Nilikutii mno mzee wangu. Ningekutii hivyo siku ile ya rangi, tusingekuwa hapa.

Baada ya maziko nilimwambia Nandutu. Alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Halafu akasema, "Utakwenda kwa kaka yangu kesho. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na nikirudi usinikute."

Jana nimekwenda, kwa bodaboda ya baiskeli. Mafabi alikuwa anapanga sabuni kwenye rafu. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, kuanzia brashi ya rangi mpaka uongo wako kwa meneja. Nilipomaliza akaendelea kupanga vipande vitatu vinne hivi, akasimama.

"Mzee alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Toka siku ile?"

"Toka siku ile."

Akaniambia kitu ambacho nadhani hukumwambia mtu. Akasema mwaka jana ulikuja pale dukani. Ulipanda basi na kifua chako kile kutoka Mbale, ukasimama mlangoni na kofia mkononi. Akakuuliza unataka nini. Ukasema, maji. Akakuambia maji yako mtoni, nenda. Ukaenda.

Ungesema sentensi moja, baba! Ulikuwa mlangoni kwake. Ungesema, si mimi, ni mkwe wangu, na hakujua. Angenipiga, angeniacha na kovu, ningestahili, nanyi mngekunywa maji. Badala yake uligeuka na kiu yako, ukapanda basi, ukamwachia mwanao neno lake lile, nenda, aishi nalo. Unafikiri ulikuwa unatulinda. Ulikuwa unatufunga wote, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja uliyemuuliza.

Mafabi hakunipiga. Aliniuliza, "Kwa nini hakuniambia?" Akauliza tena, sauti ikapanda, kana kwamba mimi ninalo jibu na ninamficha. Kisha akavua aproni, akafunga duka mchana kweupe, akamuuliza jirani basi la kwanza la Mbale linaondoka saa ngapi. Nikasema nitamsindikiza. Akasema, "Wewe baki."

Sasa hivi yuko njiani. Atafika kwenu kabla jua halijageuka, atapita katikati ya migomba mpaka kwenye udongo wako mbichi, na atakuuliza lile lile "kwa nini" ambalo mimi nilikuuliza mara tatu. Nakujua, mzee. Hata yeye hutamjibu.

Lala, kama unaweza. Sijakusamehe, na nakulilia kila siku.

Mkweo,
mume wa Nandutu