Waya kwenye Kikaango cha Mwaloni

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Kirumba tu wazima, na shangazi yako wa Misungwi ameshavuna mpunga. Bibi yako anawatangazia majirani kwamba wewe ndiye unayechagua plastiki ya kuvika nyaya kiwandani. Namwacha atangaze, halafu mimi naongezea.

Umeniuliza kama teflon, ile plastiki inayostahimili joto kali, inastahili bei yake. Nilipokuwa fundi umeme kijana, kulikuwa na tanuri la kukaushia samaki lililounguza nyaya kila mara, hadi samaki wakanuka plastiki. Nikashauri waya wa teflon. Mwenye tanuri akakataa: "Waya ni waya, bwana!"

Nikamvuta hadi soko la samaki la Mwaloni, kwa binti mmoja mkaanga sangara. Nikamwomba mafuta machafu aliyotaka kumwaga, yakiwa bado yanachemka, nikatumbukiza vipande viwili vya waya. Cha kawaida kililegea na kukunjamana. Cha teflon kilitoka kama kilivyoingia. Mwenye tanuri akainama kukitazama. Binti ndiye aliyesema, "Kumbe waya unaulizwa kwanza unakwenda kuishi wapi."

Nilikuwa fundi, lakini sikuwahi kuliweka vizuri hivyo. Uliza hivyohivyo, mjukuu wangu. Waya wa taa ya chumbani hauhitaji teflon. Wa kando ya moto usiunyime.

Yule binti ndiye huyu anayekutangaza mtaani. Kile kipande cha teflon alikiomba siku ileile, na hadi leo ndicho alichofungia funguo za nyumba yetu.

Babu yako