Picha Iliyotundikwa Sebuleni Kawetele

Mama yangu,

Jambo hili nimekosa wa kumwuliza, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyeweza kunijibu.

Wewe na flashi hamkupatana kamwe. Unakumbuka kipaimara cha mdogo wangu Bupe? Mpiga picha kutoka mjini Tukuyu alitupanga sebuleni, mwanga ukapiga, ukafumba macho. Akarudia, ukafumba tena. "Radi yako hiyo ikawapige wengine," ukamwambia, baba akapaliwa na chai kwa kicheko. Picha ile ninayo. Nyuso zetu zinang'aa kama zimepakwa unga, nyuma yetu giza tupu, na wewe umelala ukiwa umesimama. Nyingine zote ni hivyo hivyo. Siku ya kukuzika tuliweka ile ya kitambulisho, tukaikuza mpaka ikawa ukungu.

Sasa picha ndiyo kazi yangu, nina chumba cha kupigia picha pale Bagamoyo, mtaa wa hapa hapa Tukuyu. Mvua zilipokolea, mama mdogo Atupele alitoka Nkunga kuja kumsalimia baba. Alivaa kile kitenge chako cha kijani. "Nipige na mimi," akasema, "nisije nikaondoka kama dada."

Sebule yetu unaijua, migomba imeziba madirisha, dari hakuna, bati limekuwa jeusi kwa moshi. Flashi ukiielekeza juu, mwanga unamezwa. Ukiielekeza usoni, unarudi unga ule ule. Nikatundika shuka jeupe pembeni ya mama mdogo, nikageuza kichwa cha flashi kikatazama shuka. Kamera nayo ikahangaika gizani, haijui ishike wapi. Bupe akamulika uso wake kwa tochi ya simu mpaka jicho la kamera likatulia sawasawa, akazima, nikabonyeza. Mwanga ukamfikia taratibu, kama wa dirishani. Hakufumba.

Nilipompelekea baba picha, alitoka nayo mlangoni penye mwanga. Akaitazama weee.

"Hatimaye amefumbua macho," akasema. Kisha akaomba msumari.

Nilishtuka, mama. Baba ana akili zake timamu, hata majina ya ng'ombe waliokufa anayajua. Nikaenda Nkunga kumweleza mama mdogo. Alicheka, halafu akalia. "Mwache," akasema. "Hata mimi nilipoiona nilidhani ni dada."

Bupe alikasirika. "Yaani mama yetu nafasi yake inachukuliwa na picha ya mtu mwingine? Ishushe!"

Nikaenda kuishusha. Nilimkuta baba anakula, kiti amekigeuza kuelekea ukutani. Nikajikaza nikamwuliza, "Baba, huyu ni nani?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza jina la jua. "Si Atupele? Unadhani nimezeeka kiasi hicho?" Akamega ndizi, akatafuna. "Lakini nikikaa hapa, namwona mama yako. Unataka nifanyeje?"

Sikujua kama nimempa zawadi au nimemnyang'anya kitu. Nikaiacha ukutani, nikaondoka na hasira, na mpaka leo sijui hasira hiyo ilikuwa ya nani. Ningekuwa nimejua ujanja huu wa shuka wewe ungali hai, ungekubali kukaa nikupige picha? Au ungeniambia niende zangu?

Jumapili, baada ya ibada, Bupe alikuja kuishusha mwenyewe. Akapanda kwenye stuli, akashika fremu, halafu mikono ikasimama. Akasogeza uso karibu na ile picha.

"Dada," akaniita kwa sauti ndogo, "hivi mama naye alikuwa na kidoti hapa, chini ya jicho?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Nikataka kusema hapana. Baba alikuwa nje, hatukuthubutu kumwita. Bupe akashuka mikono mitupu, tukakaa pale mkekani bila kutazamana.

Mama, ulikuwa nacho?

Lala salama huko uliko.

Ni mimi, kifungua mimba wako.