Kona Mbili za Bomba la Kamera

Shoga, wifi yako amefukuzwa kazi sasa hivi. Mbele ya macho yangu. Bado siamini.

Unaijua ile kamera aliyoibuni, ya kutazama ndani ya tanuri la myeyungano wa nyuklia, lile la kuunganisha viini vya atomi kupata nishati. Miaka mitatu ya maisha yake. Bomba la kuleta mwanga aliliwekea kona mbili: mwanga unageuzwa na vioo, nyutroni, zile chembe zinazoua kamera, hazijui kukata kona, zinagonga ukuta.

Leo bosi wetu kasimama mbele ya wakaguzi na mchoro wenye jina lake yeye. La wifi yako halimo hata kwa herufi ndogo. Na bomba limenyooka. Limenyooka kabisa, shoga.

Eti, "Nimerahisisha."

Mkaguzi mmoja mama akauliza nyutroni zitazuiwa na nini. Bosi akamgeukia wifi yako kama anayeagiza maji: "Mweleze."

Wifi yako wala hakuinuka. "Hazizuiwi. Kamera itapofuka siku ya kwanza. Kona niliziweka mimi, kazifuta yeye."

Bosi akamwambia, "Wewe ni mchoraji tu, nyamaza." Mchoraji tu! Mbele za watu!

"Basi chora wewe," akajibu. "Uwezo wako tumeshauona."

Yule mama akaukunja mchoro, akasema haupiti. Mlangoni bosi akamnyang'anya wifi yako kitambulisho. "Usikanyage tena hapa."

Sasa kaketi kwenye gari langu, wala hajalia. Usimwambie kaka yako. Anataka amwambie mwenyewe, na amwambie pia kwamba hajutii hata neno moja.